Wageni wa Hoteli ya Shibe Njema

Palikuwa na nchi, na kama leo haipo basi imejificha vizuri, ambayo viongozi wake waliwapenda wananchi kupita kiasi. Waliwapenda asubuhi redioni, wakawapenda mchana kwenye mabango, na jioni wakawapenda tena katika marudio ya kipindi cha asubuhi. Mwananchi wa huko akilala bila kupendwa na waziri hata mmoja, ujue betri za redio yake zimekwisha.

Mji mkuu wa nchi hiyo uliitwa Nuruni, kwa sababu umeme ulikatika mara kwa mara na jina lilisaidia kidogo. Huko, nyuma ya soko la mitumba, palikuwa na Hoteli ya Shibe Njema. Neno hoteli lisikudanganye, kitanda hakikuwepo hata kimoja. Palikuwa na meza, mabenchi, na harufu ya maharage ya nazi iliyowafuata watu mpaka kituo cha mabasi na kuwashika mkono. Mwenye hoteli alikuwa Mzee Kitwana, mtu mnene mwenye moyo laini, ambaye mwanafunzi akiomba kuongezewa mchuzi yeye hugeuka kutazama kalenda, ili asione kiasi kilichoongezwa. Zawena alipika, akahudumia, akafuta meza, na akiulizwa cheo chake alisema yeye ni Mama Nuhu. Nyuma, penye bomba, alikaa Mzee Shomvi, mwosha vyombo. Aliosha polepole, maana alisema sahani nayo ikishahudumia watu inastahili kuogeshwa kwa adabu.

Siku moja Mheshimiwa Tandabelo, Waziri wa Jasho, aliingia Shibe Njema kunywa chai. Msafara wake ulikuwa umegongana uso kwa uso na msafara wa Mheshimiwa Shangwela, Waziri wa Sahani, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma, kwa hiyo palikuwa na muda. Zawena akamletea chai. Waziri akainamisha macho, akaziona kandambili za Zawena, moja imefungwa kwa waya. Akalia. Alilia kwa dhati, maana alikuwa mwepesi wa machozi, akalia mpaka chai ikawa ya chumvi, akaomba nyingine, akainywa, akaondoka. Hakulipa, na hakuna aliyemwambia. Mtu anayelia hadaiwi.

Kesho yake redio ikatangaza sheria. Kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa hoteli za Nuruni kilikuwa kimepanda karibu mara mbili.

"Mvua hunyesha bure," alisema Mheshimiwa Tandabelo, na sauti yake ilitetemeka pale pale ilipopangiwa kutetemeka. "Lakini jasho, ndugu zangu, jasho lina mwenyewe. Nimemwona mama mmoja. Sitasema nimemwona wapi. Nasema tu nimeviona viatu vyake."

Zawena alifurahi hivi kwamba asubuhi ile kila aliyekunywa chai alipata sukari ya kijiko cha ziada. Wateja wakampongeza kama bibi harusi. Akaanza kufikiria bati jipya la kuweka juu ya kitanda cha mwanawe Nuhu, pale panapovuja, na siku hiyo chapati zake zilitoka nyepesi kama kitambaa.

Ilipofika alasiri Mheshimiwa Shangwela, ambaye hakupenda kupitwa kwa upendo, naye akatangaza yake: bei ya sahani ya chakula isipande hata kwa punje, na atakayepandisha atakwenda jela. Mawaziri hawa wawili walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa king'ora cha nani kina sauti kubwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia mmoja alichosema mwenzake. Wenye hoteli walipokwenda kuuliza, karani wa serikali aliwajibu kwa upole kwamba sheria zote mbili ni nzuri, na kama haziwezi kufuatwa pamoja, basi zifuatwe kwa zamu.

Zawena alijua kuna jambo pale Mzee Kitwana alipowamiminia chai yeye na Mzee Shomvi kwa mkono wake, akawakalisha, akawauliza habari za nyumbani. Mwajiri akikuuliza habari za nyumbani, mara nyingi ndiko anakotaka kukurudisha.

"Kima kipya nakiweza kwa mtu mmoja," alisema Mzee Kitwana, akiitazama chai yake. "Wa pili nitamlipa nini, vifuniko vya sufuria? Kumlipa pungufu siwezi, nafungwa. Kupandisha bei siwezi, nafungwa vilevile."

Mzee Shomvi akasema abaki binti huyu mwenye mtoto, yeye sahani alizoosha zinatosha. Zawena akasema babu ana miguu mibaya na chumba cha kupanga, abaki babu, yeye mwenye nguvu atatafuta kwingine. Mzee Shomvi akasema miguu haihusiki, vyombo havioshwi kwa miguu. Wakabishana hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake kazi kama watu wanaogombea kulipa bili, mpaka Mzee Kitwana akajifuta macho kwa taulo la meza. Alisema hajapata kuona watu wanagombania kufukuzwa. Hakumfukuza yeyote siku ile. Aliwaomba wampe nafasi afikiri.

Mji mzima ulikuwa ukifikiri. Ng'ambo ya barabara, katika Kasri la Mapochopocho, hoteli kubwa yenye lifti na bustani, Bwana Pesambili aliwapandisha wahudumu wake wote cheo. Ukiingia pale unahudumiwa na Mkurugenzi wa Supu, Mkurugenzi wa Kachumbari akikupungia mkono, na mishahara ya wakurugenzi sheria haikuitaja. Wizara ikapiga marufuku. Bwana Pesambili akawageuza wanafunzi wa Chuo cha Kubeba Sinia. Wizara ikapiga marufuku hata hilo, na safari hii ikaziba kila tundu: yeyote anayeshika chombo ndani ya hoteli ni mfanyakazi, isipokuwa mteja na mgeni.

Neno mgeni liliingizwa kwa sababu ya Waziri mwenyewe. Alipokuwa akikagua hoteli moja alishika sahani ili apigwe picha, na wanasheria wakahofia kwamba kwa sheria yake amekuwa mhudumu, tena anayelipwa na hoteli chini ya kima.

Mzee Kitwana aliisikia habari hiyo akiwa anakata vitunguu. Akasimama, kisu mkononi, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu sheria zile zitoke alikuwa anatabasamu.

"Mama Nuhu, Mzee Shomvi," alisema, "kuanzia kesho msije kazini. Njooni mnitembelee."

Wakaja. Mzee Shomvi alivaa kanzu yake ya Idi. Zawena alileta mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa, maana kwa watu huendi mikono mitupu. Wakapiga hodi kwenye mlango walioufungua kila asubuhi kwa miaka mingi, Mzee Kitwana akaitikia karibuni, akawauliza za safari.

Sasa, kila mtu anajua kwetu mgeni hukaa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Mzee Kitwana hakutaka kuruka hatua, asije akashikwa. Siku mbili zile aliwakalisha wageni wake kwenye benchi zuri karibu na dirisha, akapika mwenyewe. Wali wa chini uliungua, wa juu ulikuwa mbichi, na wa katikati haukujulikana. Zawena aliumia mikono kwa kukaa bure. Kila maziwa yalipofura jikoni alinyanyuka, na kila mara Mzee Shomvi alimvuta upindo wa khanga akimnong'oneza, "Kaa, mwanangu, wewe mgeni." Msukuma mkokoteni mmoja, mteja wa miaka, alikula ule wali wote mpaka punje ya mwisho na kusema umekolea, kwa kuwa aliliona jasho usoni mwa Mzee Kitwana. Mungu amlipe.

Siku ya tatu akaja Mkaguzi Ngwelele wa Wizara ya Jasho, kijana nadhifu mwenye kikohozi cha kiofisi. Alimkuta Zawena anageuza chapati, akauliza huyu ni nani. Akaambiwa ni mgeni wa siku ya tatu. Mkaguzi alifikiri sana, akasema mila anaiheshimu, lakini mila ina utaratibu wake, jembe liko wapi?

Jembe halikuwepo. Mzee Kitwana alikimbia dukani, na mtu mnene akikimbia mtaa mzima hujua kuna msiba au kuna serikali. Akarudi na jembe jipya, akamkabidhi Zawena mbele ya wateja. Mkaguzi akataka kuona linatumika. Sakafu yote ilikuwa saruji, basi wakaenda wote nyuma penye bomba, ambako Mzee Shomvi alikuwa na mgomba mmoja uliokunywa maji ya sahani, na Zawena akaulimia. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema mila imezingatiwa. Kisha, alipodhani hakuna anayemwona, aliuinua mkungu mchanga uliokuwa umeulemea mgomba akauegemeza ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameajiriwa tu.

Jioni Mzee Kitwana aliwasindikiza wageni wake mpaka barabarani. Mgeni hatoki mikono mitupu, kwa hiyo kila mmoja alipewa nauli na kifurushi, na ukijumlisha nauli na kifurushi unapata ule mshahara wa zamani. Bati la Nuhu lilibaki dukani. Lakini wote wawili walikuwepo, Zawena motoni na Mzee Shomvi majini, na usiku Zawena alilala.

Bwana Pesambili naye alikuwa na macho. Kabla wiki haijaisha wahudumu wote wa Kasri walikuwa wageni, akanunua jembe moja likapitishwa mkono kwa mkono kama kombe la mpira. Yeye lakini aliichukua mila kwa upande wa jembe tu, ule wa kumsindikiza mtu na kifurushi hakuuona. Waliondoka na masalio ya vikapu vya mikate, na waliolalamika waliambiwa mgeni mwema haombi. Hoteli nyingine zikafuata.

Basi Waziri wa Jasho akaitisha takwimu, na takwimu zikaja zimepigwa pasi. Katika Nuruni yote hakuna mfanyakazi wa hoteli hata mmoja anayelipwa chini ya kima. Ilikuwa kweli tupu, kwani mfanyakazi wa hoteli mwenyewe hakuwepo. Ikaamuliwa ifanyike Sherehe ya Kukauka kwa Jasho, hapo hapo Kasri la Mapochopocho, na aalikwe yule mama wa kandambili akae mbele, awe ushahidi. Wizara ilimwazima Zawena viatu vya visigino kwa siku moja. Mzee Kitwana na Mzee Shomvi nao wakaalikwa kama wenyeji wa ushahidi.

Ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Tandabelo alisema nchi yake imeushinda umaskini wa hotelini bila kumwaga hata tone la damu, na kuhusu jasho lenyewe, mmeshaona, limekauka. Watu wakapiga makofi. Wahudumu wakazunguka na supu. Miongoni mwao alikuwepo binti mmoja, Mwaija, amechoka mpaka kope, na alipofika meza ya mbele bakuli likamponyoka, supu ikamwagikia kitambaa cheupe. Bwana Pesambili akamrukia kwa maneno mbele za watu. Akamwita mzembe, akamwita mzigo, akataja na mamaye.

Zawena alikaa hatua mbili kutoka pale. Alijua akifungua mdomo nini kitatokea. Kama mgeni wa Kasri ataheshimiwa kama mgeni, basi wa Shibe Njema pia, na hapo yeye hatapika wala Mzee Shomvi hataosha vyombo, na hila nzima ya Mzee Kitwana itaporomoka. Alimtazama Mzee Kitwana. Mzee Kitwana alikuwa akimtazama yule binti, na alikuwa ameweka kijiko chini.

"Samahani, Bwana Pesambili," alisema Zawena, si kwa sauti kubwa. "Huyu si mgeni wako? Kwetu mgeni hatukanwi."

Katika nchi ile mtu aliweza kuvunja sheria asubuhi na kuchaguliwa tena jioni, lakini kumtukana mgeni nyumbani kwako, mbele ya sahani, hilo halikuwa na wakili. Akina mama wa meza za nyuma wakaanza kuguna. Bibi mmoja mzee, mke wa jaji, akasimama na fimbo yake akauliza huyu bwana kalelewa wapi. Mheshimiwa Tandabelo akaona upepo, na kwa kuwa aliwapenda wananchi, machozi yakamjia. Akatangaza pale pale kwamba tangu saa hiyo wageni wote wa hoteli wapewe haki zote za mgeni, kwa mujibu wa mila, bila kupunguza.

Mwaija akavuta kiti akaketi. Mwenzake akaketi. Wakaketi wote, na mawaziri wakaenda wenyewe jikoni kuchukua pilau, wakapanga foleni, Tandabelo nyuma ya Shangwela.

Mkaguzi Ngwelele hakuwa na budi kuja Shibe Njema kesho yake. Alisimama mlangoni akakohoa, akasema inamuuma, lakini jembe sasa halitoshi. Mgeni hawezi kupikishwa kila siku. Zawena na Mzee Shomvi wakarudi kwenye benchi la dirishani. Mzee Kitwana akarudi kwenye wali wake wa tabaka tatu. Wateja walivumilia siku ya kwanza kwa upendo, siku ya pili kwa uzoefu, halafu wakaanza kupungua. Hata msukuma mkokoteni alipita akiangalia upande mwingine, na alipita haraka, kama mtu mwenye aibu. Zawena alimwomba Mzee Kitwana msamaha. Mzee Kitwana alimjibu, kama Zawena angekaa kimya, kazi ya kusema ingemwangukia yeye Kitwana, na sauti yake mbaya.

Kilichowaokoa hakikuwa sheria. Kilikuwa ni jamaa.

Mgeni, unajua, haji peke yake. Wageni wa Kasri walikuja na wake zao, na waume zao, na mashangazi waliotoka mkoani kwa basi waliposikia kuna mahali pa kufikia. Wakakaa sebuleni penye mazulia. Wakauliza leo mnapika nini, wakasema jana chumvi ilizidi kidogo, lakini tunashukuru. Shangazi mmoja aliugua ikabidi Bwana Pesambili ampeleke hospitali, kwa kuwa mgeni akiugua mwenyeji ndiye humwuguza. Mwingine alileta binamu wa kuozwa, akamwomba mwenyeji asimamie. Na wakiaga, wanataka nauli, na kifurushi, na kusindikizwa. Bwana Pesambili alikonda. Lifti ilijaa watoto. Alipojaribu kudokeza kwamba siku zimekuwa nyingi, bibi mke wa jaji alionekana barabarani na fimbo yake.

Mwisho alikwenda Wizara ya Jasho akiongoza wenye hoteli wote wakubwa, na walilia kuliko Waziri. Waliomba jambo moja: waruhusiwe kuwaajiri wale watu. Kima kipya, walisema, ni kitu kidogo sana, ni nafuu, ni zawadi kutoka kwa Mungu, mtu unamlipa anakwenda kwao. Wakaongeza kwamba sahani nayo ingepanda kidogo wangeweza. Na kwa kuwa ni wao waliopika chakula cha mawaziri wote wawili, Tandabelo na Shangwela waliitwa meza moja wakasemeshana, kwanza kwa kupitia dereva, baadaye wenyewe. Sahani ikaruhusiwa kupanda kwa punje chache. Redio ikatangaza kwamba hivi ndivyo serikali ilivyopanga tangu mwanzo.

Sikwambii kwamba wote waliokoka. Kasri liliwarudisha nusu, na mahali pa nusu nyingine likanunua mashine inayosema "karibu tena" hata kwa mtu anayeingia. Mwaija alikuwa katika nusu ya pili. Zawena alipopata habari alimfuata, na sasa Mwaija anauza vitumbua vyake kwenye kizingiti cha Shibe Njema, na mteja akiagiza chai Zawena humwuliza, utakunywa na kitumbua au utakunywa na vitumbua?

Upande wa Mzee Kitwana, alikaa na vidole vyake akahesabu, akahesabu tena. Alimwachisha mchuuzi aliyekuwa akimletea maji ya kunywa, akawa anayabeba mwenyewe kabla jua halijachomoza. Alipandisha sahani kwa zile punje, akakubali kwamba wapo watakaokunywa chai kavu, na kweli walikuwepo, na walinuna. Kisha aliwaita Zawena na Mzee Shomvi, akasimama mbele yao bila kuwamiminia chochote, akasema kesho waje kazini, wote wawili, kwa kima.

Wakaja. Hawakupiga hodi. Zawena akawasha moto, Mzee Shomvi akafungua bomba, lakini wakafanya kazi kwa woga woga, wakitembea kama watu waliovaa nguo za kuazima, kwa kuwa nchi ile walikuwa wameizoea, na tangazo la asubuhi huweza kufa kabla ya adhuhuri. Wakati wa chakula cha mchana hoteli ikajaa. Mzee Kitwana, amelowa jasho, akaingia nyuma kuchukua sufuria ya mchuzi, akaitazama ndani, akaishika juu ya kichwa cha Mzee Shomvi ili mwanga uingie.

"Mzee Shomvi," alisema, "hii umeiosha, au umeipa pole tu?"

Wateja walisikia mpaka nje. Mzee Shomvi aliipokea sufuria kwa mikono miwili. Alimgeukia Zawena, uso wake wote umekunjuka, meno machache aliyonayo yote yako nje.

"Umemsikia, mwanangu?" alisema. "Ananigombeza."

Zawena alisema ndiyo, babu, amesikia, akageuza chapati iliyokuwa inaanza kuungua.